Alama Nyekundu za Shemeji

Mtu tunayemwita Sawasawa hawezi kukalia kiti kinachoyumba. Akikikuta kwako atainuka, atakipindua miguu juu, atatoa bisibisi ndogo mfukoni, na wewe mwenye nyumba utasimama na sahani mkononi ukisubiri mgeni amalize kutengeneza samani zako ndipo umkaribishe chakula. Akishamaliza atakikalia, atajitikisa kidogo kulia na kushoto, kisha atasema, "Sasa iko sawasawa." Jina lake la kweli lipo kwenye karatasi za mshahara, na mimi ndiye ninayeziandika, lakini hata mimi huwa nafikiri kwanza kabla ya kulikumbuka.

Nataka kumweleza kwa haki, maana nina hasira naye na sina sababu ya kuwa na hasira naye. Si mlevi, si mwongo, umbea haujui. Anafika kazini kabla yangu na viatu vyake vinang'aa hata siku za matope. Ana umri wa miaka arobaini na kitu, anaishi na mama yake katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha matofali, na mama huyo amejifunza kumficha mwanawe kila kitu kilichoharibika. Mlango wao wa mbele ulikuwa na tabia ya kulia. Bibi wa watu, ambaye macho yake siku hizi si ya kutegemewa, alikuwa akiusikia tu anajua nani kaingia: jirani huusukuma kwa pupa, wajukuu huufungua nusu wakachungulia. Sawasawa akaupaka mafuta. Sasa bibi anashtukia watu wamesimama katikati ya sebule yake, na Sawasawa anashangaa kwa nini mama amekuwa mwoga uzeeni.

Aliwahi kutaka kuoa. Alikwenda kwa baba wa binti pamoja na wazee wake, wakapokewa vizuri, wakakaa. Saa ya ukutani ya mzee yule ilikuwa mbele kwa nusu saa. Mji mzima ulijua kwamba aliiweka hivyo makusudi, ili wageni wakiitazama waone usiku umeingia waage mapema, naye akalale. Sawasawa akaomba kigoda, akapanda, akairudisha nyuma. Wageni wawili waliokuwa wameshasimama kuaga wakafurahi, wakakaa tena. Mzee akapiga miayo. Jibu la posa lilikuja kwa simu na lilikuwa fupi sana. Mpaka leo Sawasawa anaamini kwamba walimkataa kwa sababu ya mshahara.

Huyo ndiye mtu aliyeletwa ofisini kwetu shemeji, mume wa mdogo wangu, alipoondoka.

Ofisi yetu ni ya kuchora saketi. Mteja anakuja na shida zake: pampu inajiwasha yenyewe, au anataka kengele ya shule ijipigie, au mizani yake ya nafaka ioneshe uzito kwa namba za kuwaka. Mdogo wangu na mumewe walikuwa wanamchorea kwenye kompyuta bodi, yaani kibao cha kubebea vipuri vya umeme, bodi inatengenezwa, vipuri vinachomelewa, mteja anaichukua huku akilalamika. Mimi ni dada mtu. Nakaa meza ya karibu na mlango, napokea simu, naandika ankara, na sikio langu halina likizo.

Sasa lazima nieleze habari ya maktaba, na nitaieleza kama nilivyoielewa mimi nisiyejua kuchora hata mstari. Mchoraji wa saketi haanzi kila kipuri upya. Kila kipuri, iwe rezista, iwe rilei, kinawekwa ndani ya kompyuta na vitu vyake vitatu: picha yake ya kwenye mchoro, maelezo yake, yaani kinahimili umeme kiasi gani na kinapatikana wapi, na nyayo zake, maana yake mahali hasa ambapo miguu ya kipuri itakanyaga kwenye bodi, tundu kwa tundu. Ukikosea nyayo, kipuri hakiingii, au kinaingia kinyume na kuunguza kila kitu. Vyote hivyo vikikusanywa pamoja ndiyo maktaba. Mdogo wangu na mumewe walianza kuijenga ya kwao wakiwa bado wachumba. Wenzao walikuwa wanakwenda matembezi, wao walikuwa wanapima miguu ya transista kwa rula. Siku binti yao alipozaliwa, shemeji alisubiri kwenye benchi la hospitali akiingiza rilei kumi na moja, na mpaka leo rilei hizo zinaitwa kwa jina la mtoto.

Waliachana kwa sababu ya ukweli. Mteja mmoja wa pampu alikuja na bodi iliyoungua, nyeusi, bado inanuka moshi, akaitupa mezani akauliza nani kamfanyia hivi. Shemeji aliigeuza, akaitazama, akasema, "Hapa alichora mke wangu. Mimi sikuhusika."

Ilikuwa kweli. Mdogo wangu alikuwa amegeuza nyayo za kiunganishi kimoja, kulia kuwa kushoto, kosa la mtu aliyelala kwa saa tatu tu. Lakini alikuwa amekaa pale pale, na mteja akageuka kumtazama toka juu mpaka chini, na mumewe akasogea pembeni ili atazamwe vizuri. Mdogo wangu aliweka kalamu chini. Hakugomba, na mimi ninayemjua tangu akiwa mgongoni kwa mama nilijua kwamba hapo pameharibika. Mtu wa kwetu akigomba, usiogope.

"Kamwombe radhi," nilimwambia shemeji.

"Niombe radhi kwa kusema kweli?"

"Ndiyo."

"Shemeji, nawe!" akasema, na hakuniomba ushauri tena. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amehamia chumba cha kupanga juu ya duka la viatu.

Ndugu wa pande mbili walikaa kikao. Ofisi na kompyuta kubwa vikabaki kwa mdogo wangu. Wateja wote wa pampu wakaenda kwa shemeji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hodari wa kuwaeleza nani mwenye kosa. Hayo nilisema mimi, na niliambiwa ninyamaze. Binti akae kwa mama, mwisho wa wiki kwa baba. Ikabaki maktaba, na hapo ndipo mjomba wetu, ambaye alikuwa akisinzia, akaamka.

"Hiyo mtaigawaje? Mtaikata katikati?"

"Haikatwi, mjomba," mdogo wangu akasema. "Inanakiliwa. Yeye anabaki nayo nzima, na mimi nabaki nayo nzima."

"Na hakuna anayepungukiwa?"

"Hakuna."

Mjomba alifikiri, akamtazama binti yao aliyekuwa akichezea vifuniko vya soda mlangoni. "Basi mngeanza na huyu," akasema, na akasinzia tena.

Hakimu naye akaamua kwamba mali yote igawanywe kwanza, ndipo warudi kwake kutia sahihi ya talaka. Kila kitu kilikuwa kimeshagawanywa isipokuwa hiyo maktaba. Mdogo wangu akasema ataifanya mwenyewe kwa mkono wake, asije akaambiwa kuna kitu amekificha.

Akainakili. Nilimwona akifanya: maktaba ya zamani upande huu wa kioo cha kompyuta, mpya upande ule, anachagua kipuri, ananakili, anabandika, na kingine, na kingine, siku baada ya siku. Shemeji akaja kuchukua, akaenda nayo kwake. Kesho yake akapiga simu. Vipuri vyote vilikuwepo, picha zipo, maelezo yapo, lakini pembeni ya kila kipuri palikuwa na alama nyekundu na maneno: nyayo hazikupatikana.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo la ajabu la kunakili. Ndani ya maelezo ya kipuri kuna mstari mmoja unaosema nyayo zake zimewekwa wapi. Ukinakili kipuri bila kuubadilisha mstari huo, kipuri kinahama, lakini kikitaka kujua mahali pa kukanyaga, kinakwenda kuuliza nyumbani kwa zamani. Kule juu ya duka la viatu vipuri vya shemeji vilikuwa vinauliza, na hapakuwa na wa kuvijibu. Ili vijibiwe, ilibidi ailete kompyuta yake ndogo ofisini kwetu, aiunganishe kwa waya na ile kubwa, achukue nyayo alizohitaji kwa kazi za wiki hiyo, kisha aondoke.

"Basi njoo Alhamisi," mdogo wangu akamwambia kwenye simu. "Alhamisi nina nafasi kidogo."

Alhamisi ndiyo siku aliyompangia Sawasawa kwenda kwa wateja kukagua bodi zilizofungwa. Nilidhani ni bahati tu.

Shemeji akaja Alhamisi ya kwanza, amevaa kama mtu anayekwenda benki. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo ilibidi akae meza moja na mdogo wangu. Waya mrefu ulikuwepo kwenye droo, nilinunua mwenyewe, lakini hakuna aliyeniuliza na mimi siyo mtu wa kujipendekeza. Walikaa kimya kama watu wanaofanya mtihani. Alhamisi iliyofuata waligombana juu ya kapasita, nikafurahi sana. Iliyofuata binti yao alitoka shule akafanya hesabu zake katikati yao, huyu akimwonesha njia hii na yule akimwonesha njia ile, mtoto akapata jibu la tatu. Baadaye shemeji akaanza kubaki kula. Akatengeneza bomba la jikoni. Akasahau koti lake, na Alhamisi iliyofuata akalikuta limefuliwa.

Nasema wazi: nilimpenda shemeji yangu, na nilitaka arudi. Mdogo wangu siku za Jumatano alianza kuimba akiosha vyombo. Sauti hana, lakini nilivumilia.

Hakimu akawaita. "Maktaba imegawanywa?"

"Bado, mheshimiwa," wakasema wote wawili.

"Ina vitabu vingapi?"

"Haina vitabu, mheshimiwa. Inanakiliwa. Kuna nyayo hazijapatikana."

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani na mafua yasiyoisha, alipenga kamasi, akaandika "maktaba bado", akawapa tarehe nyingine. Tarehe hiyo ilipofika wakajibu vile vile, na akaandika vile vile. Wakatoka nje wakicheka kama wanafunzi waliotoroka kipindi, halafu kila mmoja akakumbuka kwamba wameachana, akashika njia yake.

Mimi si mchoraji, lakini si mjinga. Nilimwuliza mdogo wangu, "Huo mstari uliokosewa, huwezi kuubadilisha?"

"Vipuri ni vingi mno, dada. Nina kazi."

Nikamwuliza shemeji. "Ah, shemeji," akasema na kutikisa kichwa, "hiyo ni ngumu. Hiyo inataka mtaalamu."

Wiki hiyo hiyo nilimkuta kwenye ngazi akiongea na simu, anamwelekeza mchoraji mwenzake aliyekwama mahali. "Ni rahisi," alikuwa anasema. "Chagua vipuri vyote kwa pamoja. Badilisha njia ya nyayo, mara moja tu. Hifadhi. Basi! Kabla chai haijapoa umemaliza." Akageuka, akaniona. Mimi nikapita na ndoo yangu, nikatulia kama maji mtungini. Kumbe mwenye kunakili aliacha mstari makusudi, na aliyenakiliwa aliuona siku ya kwanza, na kila mmoja alidhani mwenzake hajui.

Kisha ikaja Alhamisi moja ambayo walikuwa wamebaki wawili, na mimi nipo lakini sihesabiki. Shemeji alikuwa anatazama kioo cha kompyuta, si mkewe, akasema, "Ile bodi ya pampu. Nilipaswa kusema 'tulikosea'."

Mdogo wangu hakuinua kichwa. "Hujasema vizuri," akamwambia. "Kajipange, uje useme Alhamisi ijayo."

Nilikuwa naandika ankara ya kengele. Niliiandika upya mara mbili.

Alhamisi hiyo ijayo shemeji alikuja amenyoa. Hakuunganisha hata waya. Aliweka kompyuta mezani, akaifungua kwa ajili ya heshima tu, alama zake nyekundu zikajipanga kioo kizima, kisha akasema, "Nakusaidia kuchemsha maji." Wakaingia jiko dogo la ofisi, mle ambamo hamtoshi watu wawili wenye ugomvi, na wakafunga mlango. Nilitaka kupiga vigelegele. Simu ikalia, nikapokea, alikuwa mteja wa mizani na lawama zake za tangu Jumatatu.

Hapo Sawasawa akaingia. Mteja wa kwanza alikuwa msibani, wa pili alikuwa amefunga, na Sawasawa hawezi kukaa kwenye mkahawa wakati wa kazi. Akanisalimia kwa kichwa. Akapita karibu na meza. Akaona alama nyekundu.

Nilimpungia mkono aondoke pale. Akadhani namkaribisha, akanipungia na yeye. Nikaziba simu kwa kiganja nikamwita kwa mdomo bila sauti. Alikuwa ameshavuta kiti. Ningemrushia kiatu, na nilikuwa nimeshakivua, lakini mteja alikuwa anapaza sauti, "Unanisikia, mama? Unanisikia?" na mkono wa Sawasawa ulikuwa unakwenda kwenye kioo kwa upole, kama daktari anayemshika mtoto. Alichomeka waya, akachagua vyote. Akanakili nyayo zote kutoka kompyuta kubwa. Akabadilisha njia. Akahifadhi. Alama nyekundu zikazimika zote kwa mara moja, toka juu mpaka chini.

"Bosi!" akaita kwa furaha. "Kaka! Njooni muone!"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Shemeji alikuwa na uso wa mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Mdogo wangu alikuwa na kikombe kimoja mkononi, hakina kitu.

"Sasa iko sawasawa," Sawasawa akasema.

Shemeji akainama kutazama. "Zote?"

"Zote."

"Hata zile za zamani?"

"Hata hizo. Njia tu ilikuwa imekosewa, kaka. Sasa kila kitu kiko ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Haiulizi mtu."

Watu wawili hawa walikuwa wanaweza kucheka. Mmoja wao angesema tu, "Ee Sawasawa, hukuambiwa," na leo nisingekuwa na kisa. Badala yake shemeji alisema, "Ahsante," kwa sababu ndivyo mtu anavyosema akisaidiwa. Mdogo wangu akaisikia ahsante hiyo akaona mwenzake amefurahi kufunguliwa. Akasema, "Vizuri, tulikuwa tunapoteza muda." Shemeji akaisikia hiyo, akafunga kompyuta. Maji yalichemka mpaka birika likaanza kuunguza, nikaenda kulizima mwenyewe.

Hata hivyo Alhamisi iliyofuata shemeji alikuja. Alisema maktaba imeharibika tena. Sawasawa, ambaye sasa alikuwa ameomba abaki ofisini siku hizo ili ahakikishe, akaipokea kompyuta mlangoni pale pale, akaikagua akiwa amesimama.

"Kaka, kuna vipuri vimefutwa."

"Vimefutwa?"

"Vimefutwa na mtu. Rilei zote zenye jina la mtoto."

Shemeji akawa anatazama dari. Mdogo wangu alikuwa anachora, na sikio lake moja lilikuwa jekundu, lakini kichwa hakuinua, maana mwanamke aliyekwisha kusema "tunapoteza muda" hawezi kuinua kichwa bure. Sawasawa akarudisha rilei, kisha akafanya jambo la ziada, la bure, kwa moyo safi: akaifunga maktaba yote kwa namba ya siri isiweze kubadilishwa. "Sasa hata wewe mwenyewe huwezi kuiharibu," akasema, akamrudishia. Shemeji hakupata hata sababu ya kuvuka kizingiti.

Wiki iliyofuata hakuja. Mdogo wangu alisema hajagundua kwamba ni Alhamisi.

Wagombanapo ndugu chukua jembe ukalime, ndivyo tulivyofundishwa, lakini mimi jembe sina. Nilimwendea mdogo wangu nikamwambia, "Mpigie. Mwambie aje." Akasema, "Akitaka kuja anajua njia." Nikampigia shemeji. Akasema, "Akitaka nije, atasema." Nikamwambia kwamba mke wake aliacha mstari ule makusudi. Akasema, "Shemeji, usinitie moyo wa bure. Yule hakosei mara mbili kwa mtu mmoja." Nikamwambia mdogo wangu kwamba mumewe alijua kuurekebisha tangu mwanzo. Akasema, "Basi alikuwa ananicheka miezi yote hiyo?" Nikaona kila ninachofungua kinafunga mlango mwingine.

Mwisho nilimwendea Sawasawa, maana mfa maji haachi kutapatapa.

"Unaweza kukiharibu?"

"Kitu gani, dada?"

"Ulichokitengeneza kwa shemeji. Unaweza kurudisha zile alama nyekundu?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Dada una utani wewe."

"Sina utani. Wale watu bado wanapendana."

"Najua," akasema, na uso wake ukawa mzuri kabisa. "Ndiyo maana nimewapunguzia usumbufu."

Siku ya hakimu, Sawasawa alikuja pamoja nasi. Barua ya wito ilisema waje na mtu anayejua mambo ya kompyuta, kwa sababu hakimu amechoka kuandika kitu asichokielewa. Alivaa tai. Kwenye benchi la kusubiri alikuta skrubu imelegea akaikaza kwa ukucha.

Tukaingia. Hakimu alipitia ofisi, wateja, mtoto, akafika mwisho. "Maktaba?" akauliza bila kuinua kichwa, kalamu tayari imeanza kuandika jibu la siku zote.

Hakuna aliyejibu. Nilikuwa nimekaa nyuma yao. Neno moja tu lilitakiwa, "bado", na walikuwa wamelisema mara mbili bila taabu, tena wakicheka. Mdogo wangu aligeuza kichwa kidogo kumtazama mumewe. Mumewe alikuwa anamtazama yeye. Kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake aliseme, ili ajue. Nilijikuta nalisema mimi kwa midomo, bado, bado, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma.

Hakimu akainua kichwa. "Nimeuliza. Imenakiliwa au bado?"

Sawasawa akasimama. Hakupenda kuona mtu mzima anasubirishwa. "Imenakiliwa yote, mheshimiwa," akasema. "Niliikagua mwenyewe. Hakuna kilichobaki kwa mwenzake." Na kwa kuwa ni mtu wa kukamilisha mambo, akaongeza, "Hawategemeani tena kwa lolote."

"Laiti mashahidi wote wangekuwa hivi," hakimu akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akasukuma karatasi mbele. Shemeji alitia sahihi kwanza kwa sababu kalamu ilikuwa upande wake. Mdogo wangu alitia ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa imeshatiwa.

Nje kwenye ukumbi Sawasawa alimpa shemeji mkono. "Kaka, sasa huna haja ya kusumbuka kuja tena."

"Ahsante," shemeji akasema. Akasimama. Mdogo wangu alikuwa ameinamia mkoba wake anatafuta kitu, akatoa funguo akazirudisha, akatoa kitana akakirudisha, akaendelea kutafuta mpaka shemeji alipoanza kushuka ngazi, na mpaka viatu vyake vikaacha kusikika. Mkoba ule naujua, hauna vitu vingi hivyo.

"Dada," Sawasawa akaninong'oneza, na alikuwa na wasiwasi wa kweli, "bosi analia. Kuna kitu hakijakaa vizuri?"

Nina ulimi, kila mtu analijua hilo, na nilikuwa nimeutayarisha tangu asubuhi. Nilitafuta kosa lake nimtukane nalo, nikalikosa. Nikamwambia hapana, kila kitu kimekamilika. Akashusha pumzi, akatoa mfukoni leso safi iliyopigwa pasi, akaenda kumpa.